Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuzunguka Skandinavia kwa Treni, Peke Yako na kwa Bajeti Ndogo

Majibu haya ni ya msafiri anayekwenda Denmark, Norwe na Uswidi peke yake na anayehesabu kila krone. Jambo moja litajirudia: kinachomaliza pesa katika safari hii ni kuchelewa kukata tiketi. Kiti kilekile, kwenye treni ileile, aliyekikata mapema hulipa kidogo, na aliyefika stesheni siku ya safari huweza kulipa mara mbili au tatu.

Tiketi nikate lini, na wapi?

Nauli za safari ndefu hupanda kadiri viti vinavyojaa. Denmark, tiketi za bei nafuu za kampuni ya reli ya DSB huitwa Orange, nazo hufunguliwa takriban miezi miwili kabla ya safari. Norwe na Uswidi mara nyingi ni miezi mitatu au zaidi. Siku za katikati ya wiki ni nafuu kuliko Ijumaa jioni na Jumapili, na treni ya asubuhi na mapema au ya mchana wa saa saba huwa chini kuliko ile ya kutoka kazini.

Anza kwa kutafuta njia, ndipo uende kununua. Kwa Norwe tumia tovuti ya Entur, kwa Denmark Rejseplanen, kwa Uswidi Resrobot. Hizi zinakuonyesha kampuni zote, wala hazifichi treni ya mshindani. Hapo ndipo utagundua kwamba kati ya Malmö na Stockholm ipo SJ, na ipo pia Snälltåget, ambayo mara nyingi ni nafuu ingawa ina safari chache. Ukishajua treni unayoitaka, nunua kwenye tovuti au programu ya kampuni yenyewe: DSB kwa Denmark, SJ kwa Uswidi, Vy kwa Oslo–Bergen, SJ Nord kwa Oslo–Trondheim na Trondheim–Bodø, Go-Ahead kwa Oslo–Stavanger. Mawakala wa mtandaoni huongeza ada, na safari ikivurugika utajikuta unarushwa huku na huku kati ya wakala na kampuni.

Soma masharti kabla ya kulipa. Tiketi ya bei ya chini kabisa kwa kawaida imefungwa kwenye treni moja na hairudishiwi pesa. Ukipanda treni iliyotangulia au inayofuata, unahesabiwa huna tiketi, na faini yake inazidi nauli uliyookoa.

Viza nayo?

Viza moja ya Schengen ya muda mfupi inatosha kwa nchi zote tatu: siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipungue siku 15 kabla.

Wengi hukwama kwenye kuchagua ubalozi. Sheria inasema uombe kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Ratiba ikionyesha siku sita Norwe na tano Uswidi, kisha ombi likapelekwa Uswidi kwa sababu miadi ilipatikana haraka, umejitafutia kukataliwa.

Msafiri wa treni ana tatizo lake la ziada: nauli nafuu zinafunguka wakati viza bado haijatoka. Dawa yake ni kuomba mapema, miezi minne au mitano kabla, ukiwa na ratiba ya siku kwa siku na hifadhi za hosteli zinazofutika bure. Tiketi zisizorudishiwa pesa zikatwe viza ikishagongwa.

Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen haombi viza hii, ila abebe pasipoti pamoja na kadi ya kibali. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo bado anaihitaji.

Pasi ya reli au tiketi mojamoja?

Kwanza ujue ni pasi ipi yako. Eurail ni ya anayeishi nje ya Ulaya, Interrail ni ya anayeishi Ulaya, na kinachoangaliwa ni makazi, si uraia. Mswahili anayeishi Birmingham hununua Interrail, ndugu yake wa Mombasa hununua Eurail. Aliye na umri usiozidi miaka 27 hupata bei ya vijana, na kuanzia miaka 60 kuna bei ya wazee.

Halafu piga hesabu kwa kalamu na karatasi. Andika safari zako ndefu, weka nauli ya mapema ya kila moja, jumlisha. Upande wa pili weka bei ya pasi, kisha ongeza ada za kuhifadhi viti, kwa sababu treni za kasi za SJ na treni za usiku hukulazimisha kuhifadhi kiti hata ukiwa na pasi. Safari nne au tano zilizopangwa miezi miwili mitatu kabla, mara nyingi tiketi mojamoja hushinda. Pasi hushinda kwa anayeamua leo aende wapi kesho, hasa Julai, na kwa anayekwenda mpaka kaskazini kabisa.

Pasi haifanyi kazi kila mahali. Reli ya Flåm haimo, unapata punguzo tu. Metro ya Copenhagen na treni za jiji la Stockholm hazimo. Na kwa Interrail, ndani ya nchi unayoishi unaruhusiwa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi tu. Pasi siku hizi iko kwenye simu, na kila safari lazima uiingize kwenye programu *kabla* ya kupanda. Kondakta akikukuta unaiingiza treni ikiwa mwendoni, anaweza kukuhesabu huna tiketi.

Nipite njia gani kama nina siku kumi?

Ingia kwa Copenhagen, tokea Bergen au Oslo, usirudi ulikotoka. Copenhagen hadi Malmö ni kama dakika 40 kupitia daraja la Øresund, lililofunguliwa mwaka 2000. Malmö hadi Stockholm saa nne na nusu. Stockholm hadi Oslo ni saa tano na nusu hadi sita, na Oslo hadi Bergen karibu saa saba. Gawa usiku mbili au tatu kwa kila mji mkubwa. Anayejaribu kuongeza Trondheim na Narvik ndani ya siku hizo kumi ataishia kuyajua mabehewa kuliko miji.

Ukivuka daraja kuingia Uswidi weka pasipoti mfukoni, si chini ya begi. Ukaguzi hufanyika Hyllie, stesheni ya kwanza upande wa Uswidi, na polisi huweza kupita ndani ya behewa.

Anayetokea Ujerumani apande Hamburg. Tangu Desemba 2019 treni ya Copenhagen haipandi tena kwenye kivuko. Inazunguka kupitia Jutland, na huchukua chini kidogo ya saa tano.

Bergen na Flåm: je, ni lazima nilipie ile reli maarufu?

Si lazima. Reli ya Oslo–Bergen yenyewe, iliyokamilika mwaka 1909, ndiyo tamasha, na unaipata kwa nauli ya kawaida. Inapanda hadi Finse, stesheni iliyo mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hakuna barabara ya magari inayofika. Hata Juni utaona theluji na barafu nje ya dirisha. Ukitoka Oslo, chagua kiti cha dirishani upande wa kushoto.

Reli ya Flåm ni tawi la kilomita 20 linaloteremka kutoka Myrdal, mita 866 juu, hadi kwenye fyodi, yaani mkono mwembamba wa bahari kati ya milima. Ni nzuri sana, na kwa urefu wake ni ghali sana. Mwenye miguu na nafasi ashuke Myrdal, kisha ateremke kwa miguu hadi Flåm kwa njia ya zamani ya wajenzi wa reli, Rallarvegen. Ni kama kilomita 20, mteremko mtupu, saa nne hadi tano. Mwanzo una kona kali za changarawe, kwa hiyo viatu viwe vya kushika ardhi. Njia hii ni ya kiangazi tu, maana Mei na mwanzo wa Juni sehemu za juu bado zina theluji. Kutoka Flåm panda basi la Voss, kama saa moja, kisha treni hadi Bergen. Hivyo hujalipa reli ya Flåm hata mara moja, na bonde lote umeliona kwa mwendo wa miguu, ambao unalifaa zaidi.

Ukiamua kulipa, lipa upande mmoja tu.

Nataka kufika kaskazini, ng'ambo ya Mzingo wa Aktiki. Reli inafika wapi?

Zipo njia mbili, na watu wengi hudhani zinaungana. Haziungani.

Ya kwanza ni ya Norwe: Oslo–Trondheim, kama saa saba, kisha Trondheim–Bodø, kilomita 729, karibu saa kumi. Reli inaishia Bodø. Ya pili ni ya Uswidi: treni ya usiku kutoka Stockholm hadi Narvik kupitia Kiruna na Abisko, kama saa 18 au 19. Narvik iko Norwe, lakini reli yake imeunganishwa na Uswidi peke yake, kwa kuwa ilijengwa kusafirisha chuma cha Kiruna hadi bandarini.

Kati ya njia hizo mbili kuna basi. Ukitoka Trondheim kwenda Narvik usiende mpaka Bodø. Shuka Fauske, basi la Narvik linapita hapo, na safari ni kama saa tano pamoja na kivuko kimoja. Hakikisha unaliwahi, kwa sababu ukilikosa la mchana huenda ukalala Fauske.

Abisko ina vituo viwili vilivyo karibu mno. Abisko Östra ni kijijini, kwenye duka na hosteli, na Abisko Turiststation ni kwenye lango la hifadhi ya taifa. Angalia malazi yako yako wapi kabla ya kushuka kwenye giza na baridi. Na Kiruna, stesheni iko nje ya mji, kwa sababu sehemu kubwa ya mji inahamishwa kupisha mgodi. Usipange kutembea na begi hadi katikati, subiri basi.

Treni za usiku zinaokoa pesa ya malazi?

Uswidi ndiyo. Unaweza kununua kitanda kimoja katika chumba cha vitanda sita, na vipo vyumba vya wanawake peke yao. Chagua hilo wakati wa kununua, si ndani ya treni. Kitanda cha juu kina nafasi ya mizigo karibu yako na hakuna wa kukukalia miguuni mchana, ila ni joto zaidi.

Norwe hesabu ni tofauti. Chumba cha kulala cha watu wawili huuzwa kizima, kwa hiyo msafiri peke yake hulipia na kitanda kitupu. Nafuu yako ni kiti cha kawaida kwenye treni ya usiku: beba sweta, kitambaa cha kufunika macho na mto wa shingo. Usiku mmoja hivyo unavumilika. Mbili mfululizo, siku ya tatu utailala yote.

Stesheni zao zinafanya kazi vipi?

Aliyezoea SGR ya Nairobi au ya Dar es Salaam atashangaa. Hakuna foleni ya kukagua mizigo, hakuna geti la kitambulisho, hakuna haja ya kufika saa nzima kabla. Unaingia moja kwa moja hadi kwenye reli yako, kondakta anakagua tiketi ndani. Dakika 15 zinatosha, 20 kwa Stockholm. Lakini muda ukifika treni inaondoka, na milango hufungwa kabla ya dakika yenyewe iliyoandikwa. Mlango haujifungui, bonyeza kitufe.

Kwenye ubao, *spor* au *spår* ni namba ya reli. *Forsinket* na *försenad* ni kuchelewa. *Innstilt*, *inställd* na, kwa Kidenmaki, *aflyst* ni kufutwa. Ukiona *buss for tog*, treni imebadilishwa na basi, hivyo toka nje ukatafute kituo cha mabasi hayo.

Soma pia namba za mabehewa. Baadhi ya treni hukatwa njiani, nusu ikaenda huku na nusu kule. Treni za Øresund hufanya hivyo Hässleholm. Ukikaa nusu isiyo yako utafika mji usioujua ukiwa na tiketi halali mkononi.

Na saa. Ubao ni wa saa 24: 18:05 ni saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Hatari zaidi ni treni za baada ya saa sita usiku. Tiketi ya 00:15 tarehe 15 ni ya usiku unaoanza tarehe 14. Anayekwenda stesheni usiku wa tarehe 15 amechelewa siku nzima.

Treni ikichelewa nikaikosa ya kuunganisha?

Inategemea ulinunua vipi. Safari nzima ikiwa kwenye tiketi moja, kampuni ina wajibu wa kukufikisha kwa treni inayofuata. Ukiwa umenunua tiketi mbili tofauti kutoka kampuni mbili ili kuokoa kidogo, ya pili inaweza kupotea bila fidia. Kwa hiyo ukiunganisha mwenyewe, acha saa moja na nusu au mbili katikati, na usiunganishe na treni ya mwisho ya siku.

Kanuni za Umoja wa Ulaya, zinazotumika Denmark na Uswidi, zinakupa angalau robo ya nauli ukichelewa dakika 60 hadi 119, na nusu kuanzia dakika 120. Piga picha ya ubao unaoonyesha kuchelewa, tunza tiketi, jaza fomu ya kampuni mtandaoni. Hailetwi yenyewe, lazima uidai.

Norwe kila kiangazi, hasa Julai, baadhi ya reli za kuzunguka Oslo hufungwa kwa matengenezo na abiria huhamishiwa kwenye mabasi. Yapo na makubwa zaidi: Agosti 2023 daraja la Randklev kwenye reli ya Oslo–Trondheim liliporomoka baada ya mafuriko, na njia haikufunguliwa tena hadi Mei 2024. Angalia tena safari yako siku mbili kabla, hata kama tiketi ni ya miezi mitatu iliyopita.

Kutoka uwanja wa ndege kwenda mjini bila kunyonywa?

Oslo: acha treni ya haraka ya Flytoget, panda treni ya kawaida ya Vy kwenye stesheni hiyohiyo. Tofauti ni dakika chache, nauli ni karibu nusu.

Stockholm Arlanda: treni ya haraka ni ghali, na hata treni ya kawaida ya jiji ina ada ya ziada ya stesheni ya uwanja. Panda basi namba 583 hadi Märsta, kisha treni ya jiji hadi katikati. Yote yamo kwenye tiketi moja ya kawaida ya SL, kampuni ya usafiri wa jiji, inayodumu dakika 75.

Copenhagen haina mtego: metro na treni ni bei moja.

Pesa: nibebe taslimu?

Hapana, karibu hutaitumia, hasa Uswidi na Norwe. Hata choo cha stesheni hulipiwa kwa kadi. Beba kadi mbili za Visa au Mastercard kutoka benki au akaunti tofauti, na usiziweke pamoja. Swish, Vipps na MobilePay, programu za kulipia kwa simu, utaziona zimebandikwa kila mahali, ila zinahitaji akaunti ya huko. Sarafu ni tatu: krone ya Denmark, ya Norwe na ya Uswidi. Ya Denmark imefungwa kwenye euro, kama 7.46 kwa euro moja, nazo hizo mbili nyingine ni nyepesi kuliko hiyo. Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa krone, chagua krone.

Nitakula nini?

Duka la vyakula, si mgahawa. Norwe ingia Rema 1000 au Kiwi, Denmark Netto au Lidl, Uswidi Willys au Lidl. Mkate, jibini, mayai, ndizi, mtindi: siku nzima inakwisha kwa bei ya sahani moja ya mgahawani. Maji ya bomba ni safi na matamu, beba chupa. Chupa za soda zina amana, na mashine iliyo ndani ya duka inakurudishia.

Uswidi, mlo wa moto nafuu ni *dagens lunch*, siku za kazi kati ya saa tano na saa nane mchana. Mara nyingi saladi, mkate na kahawa vimo ndani ya bei.

Anayetafuta nyama halali, au unga na viungo alivyovizoea: Grønland ni mwendo wa dakika chache tu kutoka stesheni kuu ya Oslo. Malmö kuna soko la Möllevångstorget, na Copenhagen ni Nørrebro. Mboga za mitaa hiyo ni nafuu kuliko za maduka makubwa.

Malazi?

Kitanda cha hosteli katika chumba cha wengi. Shuka mara nyingi hazimo kwenye bei, na mfuko wa kulalia haukubaliwi hosteli nyingi, kwa hiyo beba shuka mbili nyepesi na foronya. Hilo peke yake hulipa gharama ya mlo kila usiku. Chagua hosteli yenye jiko.

Norwe na Uswidi sheria inaruhusu kupiga hema porini usiku mmoja au mbili, na kwa Norwe uwe angalau mita 150 kutoka nyumba ya mtu. Denmark hairuhusu hivyo. Stesheni usiziweke kwenye hesabu, maana nyingi hufungwa usiku.

Je, ni salama kwa mwanamke peke yake?

Kwa kiasi kikubwa ndiyo, pamoja na treni za usiku. Tatizo la kawaida ni wachomozi kwenye stesheni kuu za Copenhagen, Stockholm na Oslo, hasa kwa aliyeshika simu akisoma ubao. Begi kubwa liwekwe mahali unapoliona kutoka kitini. Dharura ni 112 Denmark na Uswidi. Norwe 112 ni polisi, 113 gari la wagonjwa, 110 zimamoto.

Treni inapokufikisha kituo kidogo usiku, ujue mapema kama kuna mtu. Vituo vingi vya njiani havina mhudumu, na nje ya Juni hadi Agosti kusubiri saa mbili kwenye jukwaa tupu ni hatari ya baridi kabla ya hatari nyingine yoyote.

Wakati gani ni bora?

Mei na Septemba. Epuka wikiendi ya sikukuu ya kiangazi ya Uswidi, katika siku za 19 hadi 26 Juni, ambapo maduka hufunga na treni hujaa. Pasaka, reli ya Bergen hujaa watu wa kuteleza kwenye theluji. Anayetaka taa za anga la kaskazini aende Abisko kati ya Septemba na Machi, akijua kwamba Desemba jua halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa.

Simu na umeme?

Laini moja ya nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya hufanya kazi nchi zote tatu, Norwe ikiwemo. Plagi za Afrika Mashariki za pini tatu bapa haziingii, kwa hiyo nunua adapta ya pini mbili za mviringo kabla ya kuondoka, na itaingia hata kwenye soketi za Denmark zenye umbo lao. Pakua tiketi zote kwenye simu mapema, kwa sababu milimani kati ya Oslo na Bergen mtandao hukatika ndani ya mahandaki, na kondakta hupita wakati huohuo.